Ukurasa Uliofungia Dagaa

Kila nikifika kwenye kifo cha mama, kuna mtu anauliza chumvi iko wapi.

Sitanii. Nina daftari la kaunta, lile lenye jalada gumu, na huu ni mwezi wa saba naandika humo yaliyotupata tukiwa watoto. Naandikia kwenye meza ya chakula, nyumbani kwetu Kabasa, karibu na Bunda, kati ya kazi za asubuhi na kazi za mchana. Mume wangu alikuwa seremala mpaka mgongo ulipomkatalia, na tangu hapo anashinda nyumbani. Mtu huyu anaweza kukaa saa nzima na redio yake bila kuhitaji kitu. Nikishika kalamu tu, anagundua hajui chumvi iliko. Chumvi iko pale pale ilipokuwa mwaka juzi, juu ya kabati, kwenye kopo la maziwa. Namwambia. Anakwenda, anarudi. Na kijiko je?

Siku moja niliandika, "Mama alikuwa hawezi tena kujigeuza kitandani." Kabla sijaweka nukta mjukuu wangu wa miaka minne aliingia mbio kunishtakia kuku. Kuku alikuwa ameingiza vifaranga vyake vyote kumi na kimoja ndani ya beseni la unga wa udaga, ule wa muhogo, navyo vikatulia humo kama wageni waliokaribishwa. Tulivitoa kimoja kimoja. Vilitoka vyeupe kama vizee vidogo. Mume wangu akavisalimia shikamoo kila kimoja, mtoto akacheka mpaka akapaliwa, na mimi nikacheka mpaka nikakaa sakafuni. Niliporudi mezani mama yangu alikuwa bado hawezi kujigeuza, na mimi nilikuwa na unga puani. Nikafunga daftari. Huwezi kumlilia mtu ukiwa na unga puani.

Aliyeniingiza katika kazi hii ni mama mlezi. Hivyo ndivyo tunavyomwita. Ni mwalimu mstaafu wa Musoma ambaye mara moja kwa mwezi anatukusanya wanawake tisa tuliokua bila wazazi, kwenye chumba kilicho nyuma ya kanisa. Tulianza kwa kusali na kunywa chai. Kisha akasema kwamba jambo lisilosemwa linaozea ndani ya mtu, na kila mmoja wetu aandike la kwake. Yeye angelichapisha kwenye kompyuta ya mwanawe, tuwe na kitabu kimoja chetu sote, nakala moja ikae kanisani kwa ajili ya watakaokuja nyuma yetu. Wenzangu waliandika kurasa tano, sita, wakamaliza. Mimi nikaendelea. Shule niliiacha darasa la sita, na inaonekana kila neno ambalo sikuliandika miaka ile lilikuwa linanisubiri.

Mama mlezi anasoma na kalamu nyekundu mkononi. Ualimu haujamtoka. Mahali nilipoeleza jinsi mama alivyokuwa akimtoa samaki kamongo utelezi kwa majivu, akamkata, akambanika juu ya moto wa polepole, kurasa mbili nzima, aliandika pembeni: "Hapa umekimbilia jikoni." Mahali nilipoeleza matobolwa, vile viazi tulivyovichemsha na kuvianika juu ya jiwe: "Jikoni tena." Niliudhika. Nilitaka kumwambia kwamba mtoto wa miaka kumi na minne aliyeachiwa wadogo watatu hana mahali pengine pa kukimbilia, njaa haikuwa inatungoja sebuleni. Sikusema, kwa sababu nilijua kuna ukurasa mmoja ambao ni kweli nilikuwa naukimbia.

Nilijiwekea sharti tangu mwanzo. Hakuna atakayeingia kwenye daftari langu kisha likatoka mkononi mwangu kabla yeye mwenyewe hajasikia nilichomwandika. Mdogo wangu anayenifuata, anayechomelea mageti Musoma, nilimsomea akiwa amevaa miwani yake nyeusi, na hakuivua mpaka nilipomaliza. Anayemfuata anafuga ng'ombe Nyamuswa. Yeye nilimsomea kwa simu, akaniambia niongeze kwamba alikuwa hodari wa kuogelea kuliko kaka yake, basi. Alibaki wa mwisho, dada yetu mdogo, aliyeolewa huko huko Buswahili alikolelewa na shangazi. Mwezi hadi mwezi nilisema nitakwenda. Mama mlezi akasema madaftari yote anayataka Jumapili ya mwisho wa mwezi, na mimi bado nilikuwa sijakwenda.

Ukurasa wenyewe unahusu siku ya kuanua matanga. Baba alikuwa ametangulia, na mama akamfuata kabla ya mwaka kwisha. Kwetu, kwenye vijiji vya rasi huko ziwani, siku ya kuondoa matanga ndiyo siku ya kugawa. Ndugu wanakaa uani, wanahesabu majembe, wanahesabu sufuria, nyavu, ng'ombe kama wapo, na mwisho wanafika kwa watoto. Hakuna ubaya ndani yake. Mtoto lazima ale. Walipotufikia sisi nilisimama nikasema hakuna anayetoka hapa, nitawalea mwenyewe. Baba mdogo alicheka, si kwa dharau, alicheka kama mtu aliyechoka. Ndipo mzee mmoja, kaka yake babu, akasema wote wanne hatuwezi kukaa, tutakufa njaa. Shangazi wa Buswahili yuko tayari kumchukua mmoja. Akaniangalia mimi. Kwa kuwa wewe ndiye mkubwa, akasema, sema wewe, nani aende.

Siku zote nimemwambia huyo dada yetu mdogo kwamba wazee waliamua.

Kwenye daftari niliandika hivyo hivyo mara ya kwanza, nikakata. Mara ya pili niliandika kwamba shangazi alimpenda, akamwomba. Nikakata. Mara ya tatu niliandika kwamba niliulizwa, nikaishia hapo. Nikakata. Mara ya nne niliandika kwamba nilinyoosha kidole, nikamchagua yeye. Nikaandika na sababu. Alikuwa na miaka mitano, hawezi kubeba ndoo, hawezi kushika jembe, anakojoa kitandani, na mablanketi yalikuwa mawili. Wavulana wangeweza kuteka maji. Nilichagua kama mtu anayechambua mbegu. Hiyo nayo niliikata, mstari mmoja mwembamba katikati, kila neno likibaki linasomeka.

Sasa nieleze alichofanya mume wangu.

Jirani mmoja wa mdogo wangu wa Buswahili alikuja Bunda kununua mbegu, akapita kwetu kuchukua dagaa. Huwa namtumia mdogo wangu dagaa kila nikipata mtu. Mimi nilikuwa kanisani, tunasafisha. Mume wangu, kwa moyo mzuri kabisa, alijaza dagaa wakavu kwenye kiroba, kisha akakumbuka wale niliowakaanga asubuhi, akaona watoto wa shemeji yake watawafurahia. Mifuko ya plastiki ilishakatazwa. Akatafuta karatasi.

Niliporudi nilikuta daftari mezani, limefungwa vizuri, kalamu juu yake. Nilipolifungua likafunguka mahali ambapo si mahali pake.

Nikamuuliza zile kurasa ziko wapi. Akaniuliza kurasa gani. Nikasema zilizokuwa hapa.

"Zile ulizoharibu?" akasema. "Nimefungia dagaa. Zilikuwa zimekatwa-katwa, nikajua hizo ni uchafu. Safi sijagusa hata moja, mama. Angalia."

Alikuwa anangoja nimsifu. Nilikaa kwenye kiti. Alipoelewa alichofanya alikaa na yeye, akashika kichwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba anaweza kumpigia shemeji yake amwambie ni yeye aliyeandika. Nilimwuliza atamwambia alikuwa wapi siku hiyo ya matanga, na yeye miaka ile alikuwa kijana wa Bunda asiyetujua hata kwa sura. Akasema basi atafikiria kingine. Ndivyo alivyo. Miaka ishirini na mitatu nimeishi na mtu ambaye siwezi kumkasirikia hadi mwisho, na hilo lenyewe linanichosha.

Nilipiga simu. Haikupokelewa. Jioni ukaja ujumbe: "Dagaa nimepata. Asante."

Mdogo wangu hajawahi kuandika ujumbe mfupi namna hiyo. Kwa kawaida ataniuliza dagaa wamechekechwa au nimemtumia mchanga wa Ziwa Victoria. Siku ya pili nikapiga, kimya. Ya tatu, kimya. Nilikuwa naona herufi zangu zikiwa zimelowa mafuta mkononi mwake. Nikaunguza ugali, kitu ambacho sijafanya tangu nikiwa msichana, na mume wangu akaula wote bila neno. Chumvi hakuuliza. Hata hilo liliniudhi. Mdogo wangu wa Nyamuswa, nilipomlalamikia kwenye simu, alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Dada, si uende tu?" kana kwamba naulizia njia.

Alhamisi nikaenda. Nililiweka daftari kwenye kikapu, nikapanda gari mpaka Butiama, na kutoka hapo bodaboda mpaka Buswahili. Sikuwa na mpango wa maneno. Nilikuwa na jambo moja tu: akisema ukurasa usitoke, hautatoka, na daftari lote litabaki kabatini kwangu, kwa sababu bila ukurasa huo mengine yote ni uongo uliopangwa vizuri. Miezi saba ingeishia hapo. Lakini hilo nililiogopa kidogo. Nililoliogopa sana ni kufika na kuitwa mgeni au mama fulani, nisiitwe dada.

Nilimwambia kijana wa bodaboda asubiri. Huwa namwambia asubiri.

Mdogo wangu alikuwa amekaa mlangoni na ungo wa karanga mapajani, anazibangua. Hakuinuka.

"Shikamoo, dada."

Nilimwitikia marahaba. Akatazama nyuma yangu, barabarani.

"Huyo anasubiri?"

"Anasubiri."

Akaguna, akarudi kwenye karanga zake. Akaniuliza habari za shemeji yake na mgongo wake. Akaniuliza mjukuu. Akanieleza kwa urefu habari za ng'ombe wa jirani walioingia kwenye mihogo yake, na mwenyekiti aliyekuja kupima hasara kwa hatua za miguu, mtu mwenyewe mfupi. Siku nyingine ningecheka. Niliposhindwa kuvumilia nikasema, "Nimekuja kwa ajili ya zile karatasi." Akasema ngoja kwanza aangalie maharage.

Nimevuka kutoka wilaya moja hadi nyingine nikiwa nimebeba roho mkononi, na yeye anaangalia maharage. Nilimsikia huko jikoni akifunua sufuria, akiongeza maji, akipuliza moto, akimfukuza kuku. Alichukua muda wake wote. Nikajua kwa hakika kwamba huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Alirudi na Biblia. Katikati yake zilikuwa kurasa zangu mbili, zimekunjuliwa na kunyooshwa, zimekuwa za kupitisha mwanga kwa sababu ya mafuta. Akaziweka juu ya karanga.

"Umeandika mara nne," akasema.

"Ndiyo."

"Ya nne ndiyo ya kweli."

"Ndiyo."

"Mimi nilijua," akasema. "Shangazi aliniambiaga. Nilikuwa na miaka kumi, nimevunja chungu chake, nalia. Akasema usinililie mimi, dada yako ndiye aliyekunyooshea kidole."

Nilihesabu kichwani. Zaidi ya miaka ishirini. Harusi yake nimecheza, nimemshika mkono akijifungua, nimemletea dagaa mvua na kiangazi, na muda wote huo alikuwa anajua. Nilitaka kumpigia magoti na nilitaka kumzaba kofi, na sijui kipi kilikuwa kinaanza.

"Na hukusema?"

"Na wewe?"

Akachukua karanga moja, akaibangua, akala. Alipozungumza tena hakuniangalia, alikuwa anaangalia pikipiki.

"Nilikuwa nangoja ukae, dada. Wewe hukaagi. Unakujaga na pikipiki inanguruma hapo nje. Unaweka dagaa, unaosha vyombo vyangu ambavyo ni visafi, siku ile ukanifulia mpaka mapazia, unaondoka. Mtu atakuuliza saa ngapi? Kile kidole nilishakisamehe nikiwa na mtoto wa kwanza. Nilipoona tumbo lake na sufuria yangu nikaelewa. Lakini hiki cha kutokukaa, mimi sijakielewa mpaka leo."

Yale mapazia nayakumbuka. Nilirudi Kabasa siku ile nikijisifu moyoni kwamba nimemsaidia mdogo wangu. Miezi saba nilikuwa nimepekua jeraha la uani siku ya matanga, nimelikata mara nne, nimepewa alama nyekundu, kumbe lililokuwa linamuuma mwenzangu lilikuwa mwaka huu, na mwaka jana, na ni mimi nililiongeza kila safari na ndoo ya maji ya sabuni mkononi.

Nilimwambia samahani. Nilisema kwa ajili ya kidole, nikasema na kwa ajili ya mapazia. Alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Kisha akazivuta zile kurasa, akaweka kidole kwenye mstari.

"Hapa pa kitandani. Lazima nchi nzima ijue nilikuwa nakojoa?"

"Ni watu wa kanisa tu. Ukitaka natoa."

Akausoma tena mstari ule.

"Acha. Lakini na wewe andika kwamba ulikuwa unaogopa kenge, ukawa unaoga ziwani nusu umevaa nguo." Akashuka mistari miwili. "Na hii toa. Umesema niliondoka nalia. Mimi sikulia."

"Ulilia," nikasema. "Nilikusikia mpaka mlipopita kwenye mikonge."

"Shangazi alikuwa amenivalisha viatu, dada. Vyekundu, vina kifungo pembeni. Maisha yangu sijawahi kuvaa viatu. Nilikuwa nimeinama naviangalia njia nzima, mpaka nikajikwaa. Aliyekuwa analia ni wewe."

Nilibisha. Nilijua nilichosikia. Nimekisikia miaka yote hii, nikiwa nafua, nikiwa nalima, nikiwa kwenye ibada. Yeye hakubisha nami, aliendelea tu kubangua karanga na kunieleza vile viatu, jinsi kifungo cha kulia kilivyokuwa kinagoma, jinsi alivyolala navyo wiki ya kwanza. Kadiri alivyoeleza ndivyo ile sauti ya mtoto kwenye mikonge ilivyozidi kufanana na sauti yangu.

Nilipoweza kusema nikamwuliza kama basi ananiruhusu. Nikamweleza kuhusu Jumapili na mama mlezi. Akazikunja kurasa, akazirudisha ndani ya Biblia.

"Hizi sirudishi. Zimekuja na dagaa zangu."

"Sasa mimi nitampelekea nini?"

"Andika nyingine. Andika hapa, nikisikia. Kule kwako utakata tena."

Hapo pikipiki ikapiga honi. Niliinuka kwa mazoea, nimeshashika kikapu. Mdogo wangu akaweka ungo chini, akanipita, akaenda mpaka barabarani na khanga yake ikiburuza maganda ya karanga. Nilimwona akizungumza na yule kijana. Sikusikia kitu. Kijana akanitazama, akainua mabega, akawasha, akageuza, akaondoka. Vumbi lilitulia na yeye akawa amerudi.

"Nimemwambia kesho," akasema. "Kaa."

Nilianza kusema kwamba nyumbani sijaaga kulala, kwamba shemeji yake hajui hata chumvi iko wapi. Akasema ataitafuta.

Nikakaa. Kigoda chenyewe kilikuwa na mguu mbovu. Niliandika daftari likiwa magotini, na ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya mezani kwangu Kabasa, kwa sababu huko nasumbuliwa na mtu anayetafuta kijiko, na hapa nilisumbuliwa na mtu anayesahihisha. Nilisema mablanketi mawili, akasema matatu, moja lilikuwa na tundu. Nilimwandika baba mdogo na koti, akasema lile koti lilikuwa la baba, alishagawiwa. Kila sentensi alitaka aisikie mara mbili. Nilipofika kwenye kidole mkono wangu ulisimama. Alingoja. Hakunisaidia hata neno moja. Nilipoandika akaniambia nisome, nikasoma, akasema, "Sasa viatu."

Nikaandika viatu.

Tulikula maharage jua likiwa bado juu, na yalikuwa mazuri, nami nikayaandika pia, pamoja na karanga na kigoda. Mama mlezi atakuja na kalamu yake Jumapili. Akiandika kwamba hapo nimekimbilia jikoni, nitamwambia aache alama yake hapo hapo. Safari hii sikukimbia. Niliambiwa nikae.